Kile kipenga cha Auckland 2017: kosa la refa halimuumi mkubwa kama linavyomuuma mdogo

Dereva_wa_Mingoyo (mleta uzi)

Salaam wadau wa kusini na kwingineko. Huu uzi nimekaa nao moyoni mda mrefu, leo gari ipo gereji hapa Lindi mjini nasubiri springi kutoka Dar nikaona ngoja niuandike wote. Unahusu ragbi ligi, ile ragbi ya watu 13, sio ya watu 15 mnayoionaga kwenye tivii. Najua humu ndani ni Simba na Yanga tu ila nivumilieni, maana hii habari inafika mpaka kwenye ndondo zetu.

Mi niliijua Ruangwa. Nilikua naendesha gari kwenye kambi moja ya watafiti wa madini, walikuepo wazungu wa Australia na fundi mmoja wa mashine ya kuchoronga, mzaliwa wa New Zealand ila wazazi wake watu wa Tonga, jamaa pande la mtu, mpole, anakula ugali wa muhogo kuliko sisi. Jumamosi ya tarehe 25 Novemba 2017 asubuhi, chai na mihogo mezani, akaweka laptop juu ya pipa la dizeli akaniambia kaka njoo uone watu wangu. Ilikua nusu fainali ya Kombe la Dunia, Tonga na Uingereza, uwanja wa Mount Smart pale Auckland, New Zealand, jukwaa zima jekundu kwa bendera za Tonga.

Uingereza wakaongoza 20-0. Zimebaki kama dakika saba watu wa kambini wameshaanza kuondoka kwenda kazini, mara Tonga wakapiga trai, Pangai Junior. Wakapiga ya pili, Havili. Ya tatu, Lolohea. Mateke yote matatu yakaingia, 20-18. Yule fundi alikua amesimama kashika bendera kwa mikono miwili kama mtu anaeanua nguo mvua inakuja. Sekunde za mwisho mpira akapewa Andrew Fifita, anakwenda na mstari, Elliott Whitehead akamkamata kwa nyuma mkono ukaingia kwenye mpira, mpira ukamtoka. Refa Matt Cecchin kapuliza, kaangusha mbele, mechi imekwisha. Hakwenda kwenye marudio ya video. Mtambo wa marudio upo, watu wake wapo juu wamekaa, lakini hakuulizwa mtu.

Fundi wangu alikaa chini kwenye vumbi. Chai yake ikapoa pale pale hakuigusa.

Sasa hoja yangu ndo hii. Watu wanasema marefa hukosea kwa wote, leo kwako kesho kwangu, inasawazika. Mi nasema haisawaziki. Chukua Australia wenyewe. Fainali ya Kombe la Dunia 1972, Lyon kule Ufaransa, wanacheza na Great Britain, ndo timu ya Waingereza ya enzi hizo, mbele ya watu elfu nne na kidogo. Graeme Langlands wa Australia akaruka akaudaka mpira uliopigwa na mwenzie akaulalia ndani ya mstari, trai safi, refa Mfaransa Georges Jameau akakataa akasema ofusaidi. Picha zikaja kuonyesha alikua nyuma ya mpigaji. Mechi ikaisha 10-10, nyongeza hakuna kitu, kombe wakapewa Great Britain kwa sababu kwenye makundi walishinda zote. Kwaiyo Australia walidhulumiwa kombe kabisa, sio nusu fainali. Wakafanyaje? 1975 wakachukua. 1977 wakachukua. Mpaka leo wana makombe 12 kati ya 16 yaliyochezwa toka 1954. Lile kosa kwao ni hadithi ya wazee kusimuliana baa.

Tonga je? 2017 ndo mara yao ya kwanza kufika nusu fainali. Kombe lililofuata wakatolewa robo na Samoa 20-18, magoli yale yale. Watu hawajafika tena. Kosa moja kwa Australia ni shilingi mia imedondoka sokoni, kwa Tonga ni nauli yote. Ndo maana nasema timu zikipishana sana uwezo, refa anatakiwa awe makini mara mbili pale mdogo anapofika mlangoni, sio kumpendelea, hapana, ni kwenda kuangalia tu kabla hujapuliza. Nawasilisha, karibuni.

Mmakonde_Newala

Mkuu nimesoma yote ila mi mgeni kabisa, hebu nieleweshe trai ni nini na hao watu 13 wanachezaje, maana hapa Newala hatuna hata goli za ragbi.

Dereva_wa_Mingoyo

Ndugu yangu ni hivi, kila timu watu 13, dakika 80. Unabeba mpira mkononi unakwenda mbele, pasi lazima iende nyuma au pembeni. Ukiangushwa unasimama, unaurudisha mpira nyuma kwa mguu, mwenzio anauchukua mnaendelea. Mkiangushwa mara sita mpira unakua wa wenzenu. Ukivuka mstari wa mwisho ukaulaza mpira chini kwa mkono ndo trai, pointi 4, mnapewa na teke la kuongeza pointi 2. Ukiuangusha mpira ukaenda mbele ni kosa, ndo alichopulizwa Fifita. Hii ragbi ilijitenga na ile ya 15 mwaka 1895 pale Huddersfield Uingereza, sababu wachezaji wengi wa kaskazini walikua vibarua wa migodi na viwandani, wakienda mechi Jumamosi wanakatwa mshahara, klabu zikataka ziwafidie wakubwa wakakataa. Kwaiyo ni mchezo wa vibarua toka mwanzo ndo maana mi naupenda.

Mwl_Kipenga_Mikindani

Kaka Dereva, mimi ni mwalimu na ni refa wa mpira wa miguu, nimechezesha Umitashumta na Umisseta miaka mingi huku Mtwara, kwaiyo nimeusoma uzi wako kwa uchungu wangu mwenyewe. Nimeitafuta ile video jana usiku nimeiangalia mara nyingi sana mpaka bando limekata.

Kwanza Cecchin. Yeye aliona mpira umemtoka mbebaji unakwenda mbele, akapuliza palepale. Ukishapuliza mchezo umekufa, huwezi kurudi ukasema ngoja tuangalie. Kosa lake kama lipo ni kuwahi kipenga, sio kwamba alichokiona hakipo. Mkono wa Whitehead unaonekana kwenye picha ya polepole, ila refa hana picha ya polepole, ana jicho moja na watu 26 wamemzunguka. Na yule baba alilipa, alitukanwa mtandaoni na kutishiwa kuuawa, mwaka uliofuata akaachana na ligi ya Australia. Hilo hukuliandika kaka yangu na lilikua la kuandikwa.

La pili, na hapa ndo nataka unielewe. Kipenga kinachoamua mechi sio kile cha mwisho mnachokipigia kelele wote. Kwenye huo mchezo wenu nimeona baada ya kila kuangushwa refa ndo anaeamua aliyemlalia mwenzie ainuke saa ngapi, na ndo anaewasimamisha mabeki mita 10 nyuma. Akichelewa sekunde moja kusema inuka, mabeki wameshajipanga. Akiwahi, wanakutwa wanarudi kinyumenyume. Hiyo ni zaidi ya mara mia mbili kwa mechi na hakuna marudio ya video wala maandamano. Timu kubwa inajua kumsoma refa, inajua leo huyu anaruhusu kulala kidogo, inalala kidogo. Timu ndogo inakuja haimjui refa, inaadhibiwa mapema, inaogopa, inaachia. Mimi hata kwenye Umisseta naliona hilo, shule iliyozoea mashindano inanijua, ya kijijini inanitazama tu usoni.

Nangwanda_Mzunguko

Mwalimu umenena. Ila mleta uzi mi sikubaliani na wewe. We unalia na refa, haya niambie Kombe la 2021 lililochezwa 2022 kule Uingereza, Australia 84 Scotland 0, Uingereza 94 Ugiriki 4, New Zealand 68 Jamaica 6, hapo napo refa kakosea? 2000 Australia aliwapiga Urusi 110-4. Yani hata ungemuweka refa malaika. Tatizo ni pengo bwana. Nchi tatu ndo zinacheza hii kitu kweli kweli wengine ni wasindikizaji, alafu mnakaa mnajadili mkono wa Whitehead.

Mi ni mtu wa Ndanda toka imepanda ligi kuu mpaka ikashuka, nakaa jukwaa la mzunguko pale Nangwanda Sijaona, najua kulia na refa kulivyo kutamu. Tulikua tunatoka uwanjani tunamtukana refa mpaka tunafika Bima, kumbe timu haijalipwa, wachezaji wamesafiri na basi Mtwara mpaka Kagera wamefika miguu imevimba. Refa ni rahisi kumlilia kwa sababu unamuona.

Dereva_wa_Mingoyo

Nangwanda ndugu yangu hiyo ya basi la Kagera imenigusa na nakubali pengo ndo mzizi. Ila angalia na hii. Samoa kombe hilo hilo la 2022, mechi ya ufunguzi St James' Park, uwanja wa Newcastle mnaoujua wote, Uingereza kawapiga 60-6. Wiki nne baadae, nusu fainali Emirates, Samoa kashinda 27-26 kwa teke la Stephen Crichton kwenye dakika za nyongeza. Timu ile ile, wachezaji karibu wale wale. Mechi ya kwanza walikua hawajacheza pamoja, kila mtu katoka klabu yake. Kwaiyo pengo sio damu wala mwili, ni mechi. Wakubwa wanakutana mara kwa mara, wadogo wanakutana uwanja wa ndege.

Na Tonga wenyewe 2019 pale Eden Park waliwapiga Australia 16-12. Nchi ya watu kama laki moja!

Babu_wa_Kilwa_Masoko

Wajukuu nimekuwa nasoma kimya. Laki moja? Sensa ya 2022 mkoa wa Lindi peke yake tumehesabiwa milioni moja na laki moja na zaidi, Mtwara milioni moja na laki sita. Sasa hao laki moja wanatoa wapi wachezaji wa kumpiga Australia?

Masasi_Brisbane

Shikamoo babu. Wakuu habari, mi ni mtoto wa Masasi, nipo Brisbane toka 2019 nimekuja kusoma nikabaki kufanya kazi. Hapo kwa babu naweza kusaidia.

Wachezaji wa Tonga na Samoa wengi hawakuzaliwa Tonga wala Samoa, wamezaliwa au kukulia huku Australia na New Zealand, wazazi ndo wahamiaji. Wanacheza ligi ya NRL ambayo ina timu 17, timu 16 za Australia na moja ya Auckland. Zamani mchezaji wa namna hiyo akiwa mzuri anachezea Australia au New Zealand basi, nchi ya wazazi inabaki na picha ukutani. Sheria ikalegezwa, mtu aliyechezea nchi kubwa anaruhusiwa kwenda nchi ndogo ya asili yake. Ndo 2017 Jason Taumalolo akaiacha New Zealand wiki chache kabla ya kombe akaenda Tonga, Fifita nae akaikataa Australia. Mechi ya makundi wakaipiga New Zealand 28-22. 2022 Luai na To'o walicheza zile mechi kubwa za majimbo za huku, upande wa New South Wales, alafu mwisho wa mwaka wakavaa jezi ya Samoa. Kwaiyo pengo limezibwa na wachezaji wenyewe kwa moyo wao, sio na viongozi.

Ila marefa sasa, hapo ndo kuna shida ambayo naiona nikiwa huku. Refa anakua hodari kwa kuchezesha mechi za kasi kila wiki. Mechi za kasi kila wiki ziko wapi? NRL, na kidogo Super League ya Uingereza. Basi marefa wazuri wanatoka nchi hizo hizo kubwa. Fainali ya 2022 Old Trafford, Australia na Samoa, refa alikua Ashley Klein, mtu wa Australia. Tafadhali msinielewe vibaya, Australia walishinda 30-10 kwa haki kabisa, na Klein huyo huyo alimtoa Angus Crichton wa Australia dakika 10 kwa kumpiga kiwiko mtu wa Samoa. Sisemi aliwabeba. Nasema ungekua Msamoa umekaa jukwaani, unaona refa ana pasi ya kusafiria moja na wapinzani wako, unajisikiaje?

Mwl_Kipenga_Mikindani

Mdogo wangu wa Masasi hilo ndo jibu la mambo yote. Hata huku kwetu hatumpangii refa wa Masasi mechi ya Masasi, hata awe muadilifu vipi, tunamlinda yeye kwanza kabla ya kuilinda timu. Akipuliza penati ya haki dakika ya 90 hakuna atakaemuamini na nyumbani kwao watoto watatukanwa njiani. Ila mnasema hakuna refa wa Samoa au Fiji wa kiwango kile, na hatapatikana mpaka apewe mechi, na mechi hapewi mpaka awe na kiwango. Mimi mwenyewe hilo shimo nimelikaa. Miaka mitano nabeba kibendera pembeni naambiwa mechi kubwa bado dada, mechi kubwa zina presha, mpaka siku refa wa kati aliumwa asubuhi ya mechi ndo nikapewa kipenga. Kasey Badger wa huko Australia 2022 ndo alikua mwanamke wa kwanza kuchezesha mechi ya Kombe la Dunia la wanaume, Tonga na Wales. Niliisoma hiyo habari nikaikata nikaibandika ofisini shuleni.

Nangwanda_Mzunguko

Haya mi niulize kitu kimoja, hao wakubwa wanataka kweli wadogo wakue? Maana naona Kombe la 2026 huko Australia timu 10 tu, la nyuma zilikua 16. Yani Samoa kaonyesha kwamba ukipewa mechi unakua, jibu lao ni kupunguza watu mlangoni.

Masasi_Brisbane

Kaka ni kweli zimepungua. Wenyewe wanasema ni kuepusha yale magoli ya 84-0 na 94-4, watu wanazima tivii. Upande mwingine Papua New Guinea, ambako huu mchezo ndo mchezo wa taifa, wamepewa timu yao kuingia NRL 2028 na serikali ya Australia imeahidi dola zao milioni 600 kwa miaka 10, kuna siasa ndani yake za kuwaweka karibu wasiende kwa China, lakini watoto wa Port Moresby watapata mechi kila wiki. Na hata Uingereza msiwaone wakubwa sana, 2025 wamecheza na Australia mechi tatu nyumbani kwao wamepigwa zote, 26-6, 14-4, 30-8. Mara ya mwisho kombe kukaa Uingereza ni lile lile la 1972 la refa Jameau.

Mmakonde_Newala

Duh hiyo ya mwisho imeniacha hoi. Kombe lao la mwisho ni la trai iliyokataliwa kimakosa, na miaka yote hiyo kipenga kile hakijawaongezea kitu!

Mkuu Dereva ulisema inafika kwenye ndondo, mbona hujafika?

Dereva_wa_Mingoyo

Nafika. Nilikua naogopa kuandika maana bado inaniuma ila mwalimu kaniandikia kwa adabu basi na mi niseme.

Kijijini kwetu, huku huku Lindi, tulikua na timu ya ndondo. Njumu pea sita, wengine pekupeku, mi kocha kwa sababu ndo nilikua na pikipiki. Tukafika fainali dhidi ya timu ya mji jirani, wana jezi mpya, wana mfadhili, wanakuja na gari. Zawadi mbuzi wawili na seti ya jezi. Uwanja mistari imechorwa kwa majivu, nyuma ya goli kuna mikorosho, kibendera cha mshika kibendera ni kipande cha kitenge kimefungwa kwenye fimbo. Refa alikua mtu wa mji ule ule wa wapinzani. Moja moja mpaka dakika za mwisho, dogo wetu akatokea nyuma ya beki, nyuma kabisa mi nipo usawa nae, akapiga, wavu wa kuazima ule ukatikisika mpaka fundo likafunguka. Watu wameshaingia uwanjani. Refa akapuliza ofusaidi. Kibendera cha kitenge hakikuinuliwa, kilikua chini. Tukapigwa kwa penati.

Wale wa mjini mwaka uliofuata walicheza fainali tena. Sisi hatukua na timu. Dogo aliyefunga alikwenda Tandahimba msimu wa korosho kwenye maghala akabakia huko, kipa akaoa akahamia Liwale, wawili wakaenda Dar. Ile ilikua siku moja na haijarudi. Ndo maana nilipomuona yule fundi wa Tonga amekaa kwenye vumbi sikuhitaji kujua sheria za mchezo wao.

Babu_wa_Kilwa_Masoko

Pole sana mjukuu. Na huyo refa ulishawahi kukaa nae ukamuuliza?

Dereva_wa_Mingoyo

Babu, asante. Sikuwahi kumtafuta. Ila mwezi uliopita nimempakia, nimemkuta njia panda ya Mnazi Mmoja na gunia la mbaazi anasubiri gari la Mtwara. Hakunitambua. Tumefika mbele kidogo, sijui niligeukia wapi wakati anaongea, akanitazama akasema we si kocha wa wale vijana wa pekupeku. Nikamwambia ndio mimi mzee. Akanyamaza mpaka tumepita daraja. Alafu akasema, kijana, jua lilikua usoni kwangu, lile goli liko magharibi, sikumuona aliyetoka nyuma. Nilisikia sauti za watu wetu wanapiga kelele ofusaidi nikapuliza.

Mwalimu, umesema jicho moja na watu 26. Huyu alikua na jua na majirani zake wote wamesimama mstarini. Angepangwa refa wa Nachingwea au Kilwa jua lingekua lile lile, ila sauti angezisikia kama kelele tu za watu asiowajua.

Nauli sikumchukulia. Nimemshusha Mtwara stendi kuu nikamsaidia kushusha gunia.